Vichupa Viwili vya Damu

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, Chiriku akitoka shule hakwenda nyumbani. Alipitia karakana ya baba yake, akamsubiri anawe mikono na kubadili shati, kisha wakaongozana kwenda hospitali. Msichana huyo wa darasa la sita walimpa jina la Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, lakini siku za hospitali alikuwa kimya. Miezi sita nyuma baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alianguka kazini kwa mshtuko wa moyo. Tangu hapo mama alimwagiza Chiriku, "Mimi niko kazini. Wewe ndiye macho yangu."

Naye Chiriku aliyatumia macho hayo barabara.

Hakumwamini mtafiti aliyekuwa akichunguza damu ya wagonjwa wa moyo pale hospitalini. Alikuwa mwanamke mrefu, miwani ikining'inia kifuani. Alikuja na kisanduku cha barafu, akatoa damu, akaondoka kwa mlango wa nyuma. Kwenye vichupa vyake hakuandika majina, alibandika namba tu. Kama kazi ni ya halali, Chiriku aliwaza, majina yanafichwa ya nini? Siku ya kwanza baba alisaini karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni. Chiriku aliuliza ni ya nini.

"Mambo ya wakubwa, mama," baba alijibu.

Jumanne moja baba alitolewa damu pamoja na Mzee Spana, fundi baiskeli anayetibiwa moyo kama yeye. Chiriku alikuwa mlangoni alipomsikia mtafiti akinong'ona kwenye simu.

"Damu ya huyu mchomeleaji si ya kawaida. Nitaichukua tena na tena. Ila yeye tusimwambie kitu kwa sasa."

Moyo ulimpasuka. Kumbe wanamnyonya baba yake, naye hajui.

Mtafiti alitoka kumwita muuguzi. Baba na Mzee Spana walikuwa nje ya pazia, wakitaniana nani amelia alipochomwa sindano. Vichupa viwili vilisimama mezani, vibandiko bado vibichi. Chiriku alivibandua, akavibadilisha: namba ya baba kwa Mzee Spana, ya Mzee Spana kwa baba. Waambulie patupu, alijisemea. Kisha alirudi kwenye benchi akakaa kama mtu asiyejua lolote.

Kesho yake alasiri Chiriku alipitia tena karakanani, na simu ya baba ikaita. Alipoikata alikuwa anatabasamu.

"Vipimo vyangu vizuri. Masikini Spana, wamemlaza. Wanasema moyo wake uko hatarini." Akageukia geti la chuma lililolala karakanani. "Basi hili nalimaliza leo."

Hapo ndipo Chiriku alipoelewa alichokifanya. Hakuwa amejua kwamba sehemu ya damu ile hupimwa palepale hospitalini kwa ajili ya matibabu. Alimtazama baba akiinama kuinua geti. Aliliinua nusu, akaliachia. Jasho lilimtoka, na mkono ukaenda kifuani.

"Ni gesi tu," baba alisema kabla hajaulizwa.

Chiriku alijua akisema atakiona cha moto. Alijua pia kwamba asiposema, huenda asiwe na baba wa kumgombeza.

"Si gesi, baba. Wanayemtafuta ni wewe. Nilibadilisha vibandiko."

Baba alimkodolea macho. Alimwita dereva wa teksi aliyekuwa ng'ambo ya barabara, na njia nzima alimshika binti yake mkono.

Hospitalini walimpima upya. Ilikuwa kweli: hatari ilikuwa kwake. Alilazwa siku tano na dawa zake zikabadilishwa. Mzee Spana aliruhusiwa jioni ileile. Chiriku alipomwomba radhi, mzee alitikisa kichwa.

"Mchana kutwa nimelala kitandani nikigawa baiskeli zangu kwa wajukuu," alisema. "Usinifanyie hivyo tena." Kisha akampapasa kichwa.

Siku baba alipopata nguvu ya kukaa, mtafiti alivuta kiti kando ya kitanda. Chiriku alimweleza aliyoyasikia kwenye simu, bila kuacha neno.

"Sikiliza," mtafiti alisema. "Mshipa wa moyo ukiumia, mwili hutoa ishara za kuita chembe nyeupe za damu. Zikiitwa nyingi mno, ukuta wa mshipa huvimba, na njia ya damu huwa nyembamba. Chembe nyingi zina vipokezi: vikidaka ishara, chembe huitika na kwenda. Lakini vipo vipokezi vya aina nyingine. Hivyo hudaka ishara na kuificha, au kuimeza kabisa, bila kuita mtu. Tunachunguza lini vinaukinga moyo na lini vinauletea shida. Kwa baba yako tumeona kitu tofauti, lakini kipimo kimoja hakitoshi. Ningemwambia kabla sijahakikisha, ningemtisha bure. Na namba ni za kulinda siri yake, watu wasijue ugonjwa wake."

"Mbona hamkusema tangu mwanzo?" Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo.

Baba alikohoa. "Mimi niliambiwa yote, mwanangu. Yote yameandikwa kwenye karatasi ile. Uliponiuliza nilikufukuza kwa maneno, na hilo ni kosa langu. Lakini kubadilisha vibandiko ni lako, na lingeweza kuniua. Ulipokubali kosa ndipo uliponiokoa."

Chiriku aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka juu ya shuka.

Mtafiti alivaa miwani yake.

"Wala sikukatazi kunishuku," alimwambia. "Mtu anayemtoa baba yako damu, una haki ya kumtilia shaka. Ila nishuku mbele yangu, nikujibu."

Chiriku alifuta machozi, akavuta kiti chake karibu.

"Basi nina maswali," alisema. "Ni mengi kidogo."