Magurudumu ya Gari Jeupe

Gari lililoibiwa halikuwa na hata gurudumu moja. Ndivyo alivyosema Koplo, na Inspekta akamtaka arudie.

"Halina magurudumu, afande. Halina usukani. Halina betri. Na limeibiwa mchana kweupe."

"Kwa hiyo mwizi kalibeba mgongoni?"

"Mwenyewe anavyoeleza ni kama hivyo."

Inspekta akachukua kofia yake mezani. Jumapili hiyo ilikuwa ya mapumziko yake, na mtu aliyemharibia mapumziko ilibidi ajiandae.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, ukuta wa matofali na geti la bati. Lakini ukiingia uani unaona mara moja kuwa mwenye nyumba ana ugonjwa wake. Magari ya zamani, ya enzi za babu zetu! La kijani lilikuwa chini ya banda. La njano limefunikwa turubai. Jekundu limekaa juu ya matofali, milango yake imeegemezwa kwenye choo cha nje. Makopo ya nati yalijaa kila mahali, dirishani, juu ya tanki la maji, hadi kwenye ngazi ya jikoni. Kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka, palining'inia bomba la moshi. Na kule pembeni, palipokuwa na gari la nne, lile jeupe, palibaki doa la oili na vumbi.

Mwenye nyumba alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni. Magari alikuwa anayafufua mwenyewe nyumbani, jioni na siku za mapumziko, kwa mapenzi yake tu. Mtaa mzima ulimwita Bwana Kesho, maana ukimuuliza gari fulani litatembea lini, jibu lilikuwa hilo hilo miaka nenda miaka rudi.

"Mwizi si mnaye?" Bwana Kesho alifoka kabla hata ya salamu. "Ni mdogo wangu! Yupo mikononi mwenu tangu jana. Sasa mnakuja kupiga picha matofali yangu ili iweje?"

"Yupo mikononi mwetu kwa sababu tulimtoa mikononi mwako," Inspekta akasema. "Tena kwa kuchelewa."

Hilo ndilo lililokuwa linamchemsha damu. Huyo mdogo mtu alikuwa mpiga bodi, fundi wa kunyoosha mabati ya magari, gereji yake ipo barabara ya juu. Jana jioni kaka yake alimfuata pale pale, akapiga kelele za mwizi, watu wakajaa. Polisi walipofika, mkono wa kulia wa yule jamaa ulikuwa umeshavunjwa. Fikiria, mpiga bodi bila mkono wa kulia! Asubuhi, kabla ya kuja hapa, Inspekta alimpitia hospitali, kafungwa pingu mkono wa kushoto kwenye kitanda. Jumatatu alitakiwa mahakamani.

"Umeiba?" alimuuliza.

"Sijaiba."

"Nani kachukua gari?"

Jamaa alitazama plasta yake. "Muulize kaka lile gari lilikuwa la nani." Kisha akageukia ukutani, basi.

Sasa Inspekta akasimama mbele ya Bwana Kesho. "Ulijuaje kuwa ni mdogo wako?"

"Alitamka mwenyewe! Ijumaa, hapa hapa uani. Alisema atanipokonya lile gari kabla sijaligusa."

"Kuligusa kufanya nini?"

"Mambo ya kifamilia."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuazima kifaa."

Kifaa kilikuwa sakafuni karibu na mlango. Grenda, ile mashine ya kukatia chuma, na kisu chake kipya kabisa. Inspekta akakigusa kwa ncha ya kiatu.

"Ulitaka kukata nini?"

"Dada yangu, haya mambo ya magari ni marefu. Wewe mwanamke huwezi..."

"Mimi si dada yako. Niite Inspekta, au funga mdomo."

Koplo akajifanya anakohoa ili asicheke.

Wakalisogelea gari la kijani. Lilikuwa juu ya stendi nne za chuma, miguu mitupu.

"Hili ndilo lililokuwa na magurudumu," alisema Bwana Kesho. "Seti ni moja. Nikifanya kazi kwenye la kijani, navalisha la kijani. Nikihamia la njano, nahamisha."

"Magari manne, magurudumu manne."

"Na betri moja. Usiniangalie hivyo, kila mwenye magari mengi anafanya hivi."

Inspekta akachuchumaa. Kati ya kila stendi na chuma cha gari palikuwa na kitambaa kimekunjwa vizuri, ili rangi isikwaruzike. Vyote vinne. Akainuka, akafungua boneti ya jekundu. Kabureta ilikuwa imeng'olewa, lakini tundu lake limezibwa kwa mfuko safi, ukafungwa uzi. Vumbi lisiingie. La njano nalo, chini ya turubai, halikuwa na usukani.

"Afande, huyu mwizi ana adabu kuliko mimi," Koplo akasema.

"Mwizi mwenye haraka hatunzi rangi ya gari analoliacha. Wewe," akamwita mtaalamu wa alama za vidole, "umepata nini?"

"Vidole hakuna. Kwenye grisi kuna vinundu vinundu vimejipanga. Glavu za mpira. Zile za kuoshea vyombo."

Inspekta akatazama jikoni. Akatoka barabarani, hadi kwa fundi cherehani wa upande wa pili, aliyekuwa kakaa mlangoni anajifanya hasikii wakati shingo imerefuka kama ya twiga.

"Jana mchana uliona nani anatoka na gari?"

"Kuona sikuona, mama. Nilikuwa nampima mteja, mgongo wangu mlangoni. Lakini kusikia nilisikia! Gari lilikohoa. Likakohoa tena, nikasema hili linakufa. Mara likanguruma, likatoka, likapanda kilima kile bila hata kusita. Nikamwambia mteja, haya, leo Bwana Kesho kaiona kesho yake."

Bwana Kesho alikuwa amemfuata nyuma. Uso ulimshuka. "Liliwaka?" akauliza.

"Liliwaka, jirani. Ukutani kwako pale moshi upo."

Kweli, waliporudi uani, ukuta wa pembeni ulikuwa na doa jeusi, kimo cha bomba la moshi. Bwana Kesho akalitazama kama mtu anayeangalia picha ya mkewe na mwanamume mwingine. Tangu jana aliamini gari limekokotwa na lori. Kuibiwa angevumilia. Lakini liwake, na si kwa mkono wake!

"Haiwezekani," akasema. "Miaka tisa nahangaika nalo. Mimi! Gia ya tatu ilikuwa haiingii. Mtu haji tu kutoka huko..."

"Nijibu haraka haraka," Inspekta akamkatiza. "Kabureta iliyokuwa kwenye jekundu, asili yake gari gani?"

"Jeupe."

"Usukani uliokuwa kwenye la njano?"

"Jeupe."

"Betri?"

"Nilinunua kwa ajili ya... ya jeupe."

"Na magurudumu?"

Bwana Kesho akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Nimeuliza magurudumu!"

"Ya jeupe! Yote ya jeupe! Lilikuja likiwa zima, unataka niseme nini? Lilikuja na kila kitu, nikawa naazima kidogo kidogo kwa ajili ya mengine. Ningerudisha."

"Lini?"



Inspekta akahisi hasira inapanda kama maji yanayochemka. "Kwa hiyo hakuna kilichochukuliwa ambacho si cha gari jeupe. Hata nati. Huyu mtu alijua kila kifaa kilitoka wapi na kikahamia wapi, kwa miaka tisa. Mdogo wako anakuja hapa tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Basi si yeye. Miaka yote hiyo ukiwa chini ya magari jioni, nani alikuwa anakushikia tochi?"

"Mke wangu. Lakini yeye ni wa kushika tochi tu."

Koplo akaacha kuandika.

"Yupo wapi?"

"Kwa mama yake tangu Ijumaa usiku. Simu imezimwa, kule umeme wa shida. Hana habari hata ya wizi, maskini."

Geti likalia. Mwanamke akaingia na mkoba begani, viatu vina vumbi. Akaona polisi, akaona mumewe, wala hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyeyatarajia haya akiwa njiani.

"Mke wangu, tumeibiwa!" Bwana Kesho akapaza sauti.

"Shikamoo, mama," mke akamsalimia Inspekta, ambaye kwa umri wala hakumzidi sana.

"Marahaba. Shemeji yako yupo hospitali. Mkono umevunjika. Mumeo alimwita mwizi mbele ya watu."

Mkoba ukashuka taratibu hadi chini. Hili hakulitarajia.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

Akamgeukia mumewe. Sauti yake haikupanda, ndiyo maana kila mtu uani aliisikia. "Umemvunja mdogo wako mkono kwa ajili ya gari langu?"

"Gari lako?"

"La nani? Baba yangu alimwachia nani, wewe? Nililileta hapa linatembea! Ulisema miezi mitatu, unalipaka rangi tu. Kisha ukaleta jekundu. Jekundu likataka kabureta. Ukaleta la njano, likataka usukani. La baba yangu likawa duka lako la spea! Nimekushikia tochi nikitazama unavyolila, kipande baada ya kipande. Na mama yangu kila nikienda ananiuliza, mwanangu, gari la mume wangu limepona?"

"Ningelimaliza, nakuapia, nilikuwa karibu..."

"Ulikwenda kuazima grenda!"

Inspekta akaelewa. "Alitaka kukata gari jeupe."

"Paa, mama. Alitaka kulikata paa alibandike kwenye la kijani. Alituambia Ijumaa tukiwa tunakula hapa uani, kama mtu anayesema ataongeza chumvi. Shemeji ndiye aliyemwambia, thubutu, nitakunyang'anya. Mimi nilinyamaza. Nimenyamaza miaka tisa, nilishazoea."

"Endelea."

"Mama yangu macho yanakwisha. Daktari kasema mwaka huu hautafika mwisho akiwa bado anaona. Sikutaka alipapase gari la baba kama kipofu. Nilitaka alione. Basi Ijumaa nikaaga, nikalala kwa mama, jana nikarudi nikijua huyu hayupo. Nikakusanya vya gari langu."

"Na ufundi ulijifunzia wapi?" Koplo akashindwa kujizuia.

"Akiwa kazini nafungua, jioni nafunga alivyoacha. Hajawahi kugundua. Gia ndiyo ilinishinda, shemeji akanielekeza." Hapo sauti ikakatika. "Yeye alijua ni mimi. Jana alijua, tangu kofi la kwanza. Angesema jina langu tu wangemwacha."

"Hakusema," Inspekta akajibu. "Hata leo asubuhi nimemuuliza. Aligeukia ukutani."

Yule mwanamke akakaa kwenye ngazi ya jikoni, katikati ya makopo ya nati, akalia kwa hasira, ngumi zimekunjwa. Akalipiga teke kopo moja. Nati zikatawanyika uani. Bwana Kesho, amini usiamini, akainama kuziokota.

"Acha hizo nati!" Inspekta alifoka hadi fundi cherehani kule ng'ambo akasimama. "Inuka!"

Akainuka.

"Gari lilikuwa la mkeo?"

"Afande, mimi na mke wangu chake si changu?"

"Na chako?"

Macho ya Bwana Kesho yakarudi kwenye nati.

"Koplo, piga simu hospitali. Yule mtu afunguliwe pingu sasa hivi, na aombwe radhi. Mtu hawezi kuiba gari lake mwenyewe, kwa hiyo kesi ya wizi imekufa. Ila ya mkono ndiyo kwanza inazaliwa. Wewe, nakukamata kwa shambulio la kudhuru mwili na kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Geuka."

Pingu zikalia.

Walipitia kwa mama mkwe, mke akiwa nao, kulihakiki gari, maana faili haifungwi kwa maneno. Lilikuwa limepaki mbele ya nyumba, jeupe, linang'aa kwa kuoshwa. Ndani, kiti cha abiria, alikaa bibi mmoja mwembamba, mkono juu ya dashibodi, anatazama kila kitu kwa karibu sana, pua inakaribia kugusa kioo. Alipoona gari la polisi akatoa kichwa dirishani.

"Mwanangu, hao wamekuja kulichukua?"

"Hapana, mama. Wamekuja kuliangalia tu."

"Waambie waangalie upesi. Tunataka kwenda."

Inspekta akalizunguka gari mara moja, akaandika namba, akarudi. Hasira yake haikuwa imepungua hata kidogo. Bwana Kesho alikuwa kiti cha nyuma cha gari la polisi, uso umebandikwa kwenye kioo. Hakumuuliza mkewe habari za mdogo wake. Hakuomba msamaha kwa mama mkwe.

"Mke wangu," aliita kwa sauti ya chini. "Kule kilimani... gia ya tatu iliingia?"

Mkewe alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani. Akawasha. Halikukohoa safari hii.

"Iliingia," akasema. "Na ya nne. Tunapita hospitali kwanza, mama, kuna mtu lazima umuone."