Pete Iliyouzwa Mueda

Kwanza ilionekana pete, kisha mfupa wa kidole uliokuwa ndani yake.

Gervas aliruka nyuma, mashine ikamponyoka. Ilikuwa mashine ya kunasa vyuma, ambayo zamani alizunguka nayo milimani akitafuta dhahabu. Dhahabu ilipomshinda, akageukia pete. Kiangazi watu wa Newala hushuka hadi Mto Ruvuma kuoga na kupiga picha za harusi kwenye mchanga, na hakosekani wa kupoteza kitu. Asubuhi hiyo alikuwa akitafuta pete ya bibi harusi mmoja, Hajira.

Hii haikuwa ya Hajira.

Inspekta Shamsia wa upelelezi, Newala, alifika na daktari pamoja na askari wenye koleo. Mafuriko ya masika yalikuwa yamekomba mchanga wa juu, kwa hiyo hawakuchimba sana. Mifupa yote ilikuwepo.

"Mwanamume," daktari alisema. "Fuvu limepasuka kisogoni. Alipigwa na kitu kizito, butu. Ni miaka kadhaa sasa."

"Hakuzama?"

"Aliyezama hajifukii mwenyewe, afande."

Shamsia aliifuta pete kwa kidole chenye glovu. Kwa ndani ilichongwa majina mawili: *Rose, Bonifasi*.

Mtendaji wa kijiji cha karibu, Chilangala, aliposomewa majina hayo hakuhitaji kufikiri. Bonifasi wa mikorosho? Huyo alivuka kwenda Msumbiji miaka minne iliyopita, akamtelekeza mkewe na watoto wawili. Kijiji kizima kilijua.

Rose alikuwa shambani, akipuliza dawa ya salfa kwa pampu ya mgongoni kwenye mikorosho iliyoanza kutoa maua. Alivua kitambaa cha puani alipoiona sare ya Shamsia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Mama Anjelina. Nimekuja kukuuliza habari za mume wako."

"Yupi? Yule hana habari na mimi."

"Aliondokaje?"

"Alishuka mtoni kuvua na mdogo wake, Dickson. Dickson akarudi peke yake. Akasema kaka yake amepanda mtumbwi, kavuka."

"Ukaamini?"

"Sikuamini. Nilingoja. Baadaye akampigia Dickson simu. Akasema ameoa huko, tusimtafute. Na pete niliyomvisha ameiuza Mueda, hukohuko Msumbiji."

"Uliongea naye?"

"Dickson alisema kaka yake anaona aibu kuongea na mimi." Rose alitema mate yenye unga wa salfa. "Siku ile nilichoma mashati yake. Watoto nikawakataza kulitaja jina lake ndani ya nyumba. Anjelina alilitaja, nikampiga."

"Na Dickson?"

Rose aliangalia chini. "Alinisaidia palizi. Alinisaidia kila kitu. Mwaka jana akahamia kwangu."

Shamsia alitoa mfuko wa ushahidi, akauinua juani. Alipenda kumwambia mtu jambo kama hili akiwa ameketi, lakini pale hapakuwa na pa kuketi.

Rose aliisoma pete kupitia nailoni. Aliisoma tena.

"Mmeinunua kwa nani?" aliuliza.

"Hatukuinunua, mama. Ilikuwa kidoleni mwake. Alizikwa mchangani, upande wetu huu wa mto. Tutapima vinasaba vya watoto ili tuwe na hakika."

Pampu ilimteleza Rose mgongoni, akakaa chini, palepale kwenye majani makavu.

Jioni ile Dickson aliketi mbele ya meza ya Shamsia. Alikuwa mtu wa sauti ya upole. Alielezwa haki zake, akasema amezielewa.

"Kaka yako alikupigia simu kutoka Msumbiji?"

"Ndiyo, afande."

"Una hakika ni yeye?"

"Sauti ya kaka yangu nitaisahauje?"

"Alisema nini kuhusu pete?"

"Kwamba ameiuza."

"Wapi?"

"Mueda."

Shamsia aliiweka pete mezani. "Tumeitoa kwenye kidole chake. Chini ya mchanga. Sasa niambie, Dickson, nani alikupigia?"

Dickson aliitazama pete.

"Hakuna aliyepiga."

"Kwa nini ulitaja pete?"

"Rose alikuwa bado anamngoja. Kila jioni anatazama njia. Nilijua akisikia pete imeuzwa, ataacha."

"Ulimuua wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Rose nilimwona mimi kwanza," Dickson alisema. "Kwao Lulindi, akiimba kwaya. Mimi maneno hunishinda, nikamtuma kaka akanisemee kwa wazee wake. Akarudi akaniambia wamenikataa, wamemtaka yeye. Ningefanya nini? Nilisimama naye kanisani. Niliwabeba watoto wake." Alipangusa uso. "Siku ile mtoni alikuwa amekunywa. Akacheka, akasema, 'Wewe mdogo wangu mjinga, jina lako kwa wazee wa Rose sikulitaja hata mara moja.' Akainama kukusanya nyavu, akicheka. Nilikuwa na kasia mkononi."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Mpaka akaacha kucheka."

Shamsia alimpa maelezo yake ayasome, naye akatia saini. Asubuhi alimkuta Rose kwenye benchi la nje ya kituo. Alimweleza yote, hata lile la Lulindi, kwa sababu mahakamani angelisikia tu.

Rose alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Miaka minne nimemlaani mtu aliyekufa," alisema. "Kumbe alikuwa karibu hivi. Na mdomo wake pia ulikuwa wa uongo."

"Pole sana, mama."

"Afande, huyu Dickson anadhani angetajwa ningemkubali?"

"Nadhani ndivyo anavyoamini."

"Nisingemkubali." Rose alitikisa kichwa. "Yule kijana wa kukaa nyuma kanisani, ambaye hakuwa anasema kitu? Nisingemkubali hata kidogo. Mkamwambie."

Shamsia alitaka gari la polisi limrudishe Chilangala. Rose alikataa. Alisimama, akafunga kitenge upya, akauliza kama bodaboda zinapatikana pale nje.

"Zipo. Lakini pumzika kwanza."

"Watoto wakitoka shule watakuwa na njaa," Rose alisema. "Dickson ndiye huwa anawapikia."