Koti la Mti wa Elgon

Kosa lilikuwa la Mwalimu Wilkista, na afadhali lisemwe mapema kabla hajapata nafasi ya kulitetea.

Ukungu uliwafunika saa tisa alasiri wakiwa ndani ya kreta ya Mlima Elgon, juu kabisa ambako msitu umekwisha. Kigen, mtu wa Suam aliyekuwa akimwongoza, alisema wakae papo hapo mpaka uinuke. Wilkista akakataa. Alikuwa amefundisha baiolojia Kimilili miaka ishirini na miwili, akiwaambia watu wakae chini, na yeye mwenyewe hakuzoea kukalishwa.

"Kuna kijito hapa," alisema. "Maji ya huu mlima yote inateremka kwetu Bungoma. Tunafuata tu."

"Hii si yenu, mwalimu. Hii inaenda Suam."

"Kigen, hii maji nimekunywa tangu nizaliwe!"

Mtu wa Kimilili humwambii kitu kuhusu maji ya mlima. Wakakifuata. Saa moja baadaye kijito kiliingia korongoni, mvua ya mawe ikaanza kuwachapa, na Kigen akateleza juu ya jiwe akatumbukia. Mguu ulivunjika chini ya goti. Alipovutwa nje alikuwa ameloa mpaka shingoni, na kiberiti mfukoni mwake kimekuwa uji.

Wilkista alimburuta hadi mahali palipoinuka, akaufunga mguu kwa fimbo mbili na mkanda wa begi. Simu yake haikuwa na mtandao. Aliona aibu zaidi kuliko alivyoona baridi. Kigen alitetemeka, meno yakigongana, kisha akaanza kutulia. Hapo ndipo mwalimu alipoogopa kweli, maana alijua mwili unaoacha kutetemeka kwenye baridi umeanza kukata tamaa.

"Hufi," alimwambia. "Umesikia? Sijakupa ruhusa."

Akatazama huku na huku. Palikuwa na ile miti tu aliyokuja kuipiga picha: shina moja nene, kichwa cha majani mabichi kama kabichi, na chini yake majani makavu ya miaka mingi ambayo hayajadondoka, yamelivika shina lote. Ubaoni alikuwa ameandika mara nyingi kwamba majani hayo yaliyokufa hukinga shina lisigande. Wanafunzi walinakili, yeye akatia vema, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyagusa. Sasa alitia mkono. Kwa nje yalikuwa yamelowa. Ndani, karibu na gome, yalikuwa makavu kabisa.

"Usivue huo mti," Kigen alisema, ulimi mzito. "Ukiivua, baridi inaiua. Kwetu hata mtoto anakatazwa."

"Wacha wanikasirikie. Nitajibu mimi."

Akachuna kwa mikono miwili. Alimvua Kigen nguo zilizolowa, akamvalisha sweta lake mwenyewe na kumfunga leso kiunoni, akashindilia majani kila mahali mpaka mtu akawa gunia. Mengine akayatia ndani ya blauzi yake. Kisha akalala nyuma ya Kigen, akamkumbatia, na kuvuta koti lake la mvua juu yao wote wawili.

"Mke wangu akisikia hii..."

"Atasikia. Wewe ndiye utamwambia."

Jua lilipozama, karibu nao lobelia moja, mmea wa mlimani, ilikunja majani yake taratibu na kukifunika kichipukizi chake. Kigen aliitazama.

"Hiyo inajua kazi," alisema, na akaanza kutetemeka tena. Wilkista alimshukuru Mungu kwa kila mtetemo.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, na kijito kilikuwa tope tupu. Lobelia ilikuwa imefunguka, imeshika maji katikati ya majani. Wilkista alipasua utando wa barafu kwa kidole. Chini yake maji hayakuwa yameganda. Akamnywesha Kigen kwa kifuniko cha chupa. Halafu akatoa filimbi yake ya michezo na kuipuliza mpaka midomo ikapasuka.

Saa nne Chepchumba, dada yake Kigen, alitokea upande wa Suam na wanaume wawili.

"Mmejuaje tuko hapa?" Wilkista aliuliza.

"Si wewe ni wa Bungoma? Watu wenu wakipotea huku, tunafuata tu hii maji."

Mwalimu akakitazama kile kijito alichokiita cha Bungoma.

Walipokuwa wakimfunga Kigen kwenye machela ya fito na blanketi, Wilkista alirudi kwenye mti alioupora. Shina lilikuwa uchi. Alitoa majani yote yaliyokuwa ndani ya blauzi yake, akayapanga kulizunguka, kisha akavua koti la mvua na kuliviringisha juu yake.

"Mwalimu, utashuka aje na hiyo baridi?" Chepchumba alishangaa.

"Mimi nina miguu. Huu utabaki hapa."

Kigen aliinua kichwa kutoka kwenye machela. "Kaza na hapo chini. Umeacha nafasi."

Mwalimu Wilkista akainama, akakaza, bila kubisha.