Mashine ya Marehemu Sifaeli

Jumatatu asubuhi, mwalimu mstaafu Aminiel alifungua ghala la kijiji pale Maji ya Chai, akakuta vyuma vyake vyote vipo isipokuwa kimoja. Plau zilikuwapo. Kiti cha trekta kilikuwapo. Mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungushwa kwa mkono, haikuwapo. Kufuli lilikuwa zima.

Inspekta Evaresta Kimaro aliwasili kutoka Arusha mjini kabla ya saa nne. Mwalimu alimweleza kwamba alinunua kigunduzi cha vyuma, kifaa kinacholia kikipitishwa juu ya chuma kilichofukiwa, kwa mpima barabara aliyekuwa akirudi kwao. Kwa ruhusa ya kijiji, alikuwa amezunguka nacho mwaka mzima kwenye lililokuwa shamba la mlowezi, akifukua zana zilizosahauliwa ili watu wazione. Mashine ile aliipenda kuliko zote. Aliisugua kutu wiki tatu mpaka gurudumu lake likazunguka.

Kijiji kilikuwa kimeshapata mwizi wake. Mlinzi wa ghala, Lekishon, alikuwa amefungiwa katika ofisi ya kijiji tangu asubuhi ile. Mwaka ule wa 1995 biashara huria ilikuwa imeshika kasi, na malori ya vyuma chakavu yalinunua hata sufuria iliyotoboka. Watu walisema mlinzi ameuza.

Evaresta alichuchumaa. Juu ya meza iliyobeba mashine palikuwa na matone ya grisi, lakini hapakuwa na kipande wala nati. Pembeni bomba zito la shaba halikuguswa. Mtu wa vyuma chakavu angeanza na shaba, tena angevunja kwa nyundo. Huyu alifungua nati moja moja, akaondoka nazo zote. Aliitaka mashine ikiwa nzima.

"Funguo ziko ngapi, mwalimu?"

"Tatu. Wangu, wa mlinzi, na wa bibi Eunike anayefagia kila Jumamosi."

"Juzi alifagia?"

"Alifagia. Nilikutana naye njiani na kikapu cha takataka kichwani."

"Mara ngapi?"

Mwalimu alifikiri. "Mara mbili."

"Ghala hili lina takataka za vikapu viwili?"

Inspekta akaenda kumhoji Lekishon, aliyekuwa ameketi sakafuni bila kunywa hata maji. Naye alisema alimwona bibi huyo akipita mara tatu, kikapu kimefunikwa majani ya migomba. Alitaka kumpokea mzigo, bibi akakataa.

"Mbona hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza. Walinifungia tu."

Evaresta na mwalimu wakapanda mlima kwenda kwa bibi, wakifuata mfereji wa maji. Hawakwenda mbali. Maganda mekundu ya kahawa yalikuwa yakielea majini, mapya, yamepasuliwa vizuri. Evaresta alikulia Kibosho, kwenye kahawa. Tofauti ya ganda la kinu na ganda la mashine hakuhitaji kuonyeshwa. Wakaendelea mpaka wakasikia chuma kikikereza polepole ndani ya migomba.

Bibi Eunike alikuwa akizungusha mpini kwa mikono yote miwili. Aliwaona, akaacha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua mtakuja."

Inspekta alimwonya kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa. Bibi akasema aandike tu.

Mumewe, Sifaeli, alikuwa fundi wa mitambo ya shamba lile. Mlowezi alipoondoka alimwachia mashine kwa mdomo, bila karatasi. Mashamba yakataifishwa, wakaja watu wa kuorodhesha mali. Sifaeli aliogopa kuitwa mwizi, akaifukia. Muda si mrefu akapata kiharusi, ulimi ukafungwa, akafa bila kuonyesha mahali. Bibi alipoikuta ghalani aliitambua mara moja.

"Nilichokijua ni kwamba aliifunga kwa koti lake la mvua," alisema. "Vifungo nilishona mimi. Vinne vyeusi, na kimoja chekundu, maana cheusi cha tano kilipotea."

Mwalimu Aminiel aliketi juu ya jiwe. Koti lilikuwa limeoza, alisema taratibu, lakini vifungo alivikuta. Vilikuwa nyumbani kwake ndani ya kopo, na hakuwahi kumwonyesha mtu.

"Kwa nini hukumwomba mwalimu?" Evaresta aliuliza.

"Mwalimu ana ruhusa ya kijiji. Mimi nina neno la marehemu. Nani angelipokea?"

"Na Lekishon je? Wamemfungia kwa ajili yako."

Bibi aligeuka ghafla. Hakuwa na habari. Akafunga kitenge chake vizuri, akatangulia kushuka, nao wakamfuata. Mbele ya viongozi wa kijiji alikiri yote, kisha akamwomba mlinzi msamaha kwa jina lake. Lekishon aliomba chai kwanza, ndipo akasamehe. Vifungo vililetwa, vikahesabiwa: vinne vyeusi, kimoja chekundu. Mwalimu akaondoa malalamiko, akamwachia bibi mashine. Evaresta aliandika hayo kwenye jalada, moyo mwepesi.

Bibi alikuwa na ombi moja. Alitaka kuliona shimo ilimofukuliwa mashine.

Wakampeleka. Lilikuwa kando ya njia ya kwenda kisimani, hatua chache tu, chini ya mti wa mgrevilia. Alilitazama, kisha akaigeukia njia.

"Hapa," alisema. "Na ndoo kichwani, kila siku, miaka ishirini."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaishiwa nguvu, akaketi ukingoni mwa shimo miguu ikining'inia ndani, na mwalimu akaketi kando yake.