Nakala ya Shemeji

Diski ilikuwa inakoroma. Fundi alichomoa waya wa feni, akainamia kompyuta, akasikia tena pumzi nzito ya mtu aliyelala chali. Akasonya. Diski ya aina ya SSD haina kitu kinachozunguka ndani yake, na yeye hakuwa mtu wa kubabaishwa na mkweche wa marehemu shemeji yake, mume wa dada yake.

Marehemu huyo, hata enzi za uhai wake, fundi alimwona si lolote si chochote. Aliwadharau pia wateja waliomwagia mashine chai kisha wakaapa kwamba imejizima yenyewe. Zaidi ya wote alimdharau dada yake, aliyesimama mlangoni akikataa kuingia.

"Imekuwa nzito mno," dada alinong'ona. "Na usiku inamwita mtoto kwa sauti ya baba yake. Juzi nimemkuta mwanangu ameshafungua komeo, anatoka."

"Inaita ikiwa imezimwa?"

"Imezimwa, kaka. Mganga anasema ni jini, lilimpanda baba mtoto alipokuwa anaumwa, sasa limejibanza humo. Ifute yote. Usibakize hata kivuli, nakuomba."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Siku hizi waganga wanajua SSD! Nenda nyumbani, dada. Uzito wake ni uchafu tu."

Uchafu aliujua. Ukifuta faili kwa kawaida unang'oa kibao cha mlangoni tu, wapangaji wamo ndani, na diski iliyojaa mabaki hujikokota. Dawa ni amri moja inayoiambia diski imwage vyumba vyake vyote kwa mpigo. Lakini fundi hakuwahi kufuta diski bila kuinakili kwanza nzima kwenye mashine yake, mabaki kwa mazima, bila kumwambia mwenye kompyuta. Mteja akirudi analilia picha zake, fundi amcheke kwanza, ndipo ampe. Alilipenda sana jambo hilo. Basi akanakili.

Alipotoa amri, diski ikakataa. Imejifunga. Hilo nalo alilijua: unailaza mashine usingizi, unaiamsha, kufuli linaachia. Akailaza. Kioo kikawa cheusi, na hapo mchana kweupe, magari yakipita nje na muuza duka wa jirani akibishana na mteja, harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka kwenye kibodi, ikamjaa puani na kooni, na ule mkoromo ukawa maneno, taratibu, kwa sauti ya mtu ambaye fundi mwenyewe alishika jeneza lake, ikisema asante, shemeji, asante, mpaka vidole vyake vikagonga kitufe cha kuamsha kabla hajaviamuru, akaandika amri, akaituma.

Kimya. Harufu ikakatika. Kompyuta ikawaka upesi kuliko siku iliponunuliwa.

"Jini gani," fundi alijiambia, akajifuta jasho kwa hasira, na jioni ile akamrudishia dada kompyuta yake.

Asubuhi ya pili dada alipiga simu akilia kwa furaha. "Mtoto kalala usiku kucha, kaka! Mungu akubariki."

"Mshukuru mganga wako," fundi alimjibu, akakata.

Alikuwa bado anatabasamu mashine yake mwenyewe ilipoanza kujikokota. Mshale ulisota kwenye kioo. Akanusa udongo mbichi. Akaikumbuka nakala, na kwa mara ya kwanza maishani akajiona mjinga, mjinga kuliko wateja wake wote. Akabofya futa. Mashine ikakwama. Akang'oa waya wa umeme ukutani, kioo kikazima, na chini ya meza pumzi ikaendelea, ndefu, tulivu.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa mpwa wake, peke yake, peku, miguu imejaa vumbi la mitaa yote aliyoivuka.

"Mama yuko wapi?" fundi aliuliza.

"Anafua. Hajaniona." Mtoto hakumtazama. Alikuwa anatazama chini ya meza, anatabasamu. "Mjomba, mbona hukutuambia? Baba anasema amehamia kwako."