Kamba Aliyoikata Lorna

Haya yalimpata rafiki yangu Lorna, hapahapa Newport. Ana watoto watatu na kazi mbili, hana nafasi ya kuzua vioja.

Alikwenda nyumbani kwa marehemu mama mkwe wake kuchukua saa ya mezani ya mbao, aiuze kabla wifi yake hajaidai. Aliyeiunda ni Obadiah Fenner, babu wa ukoo huo, enzi tukitawaliwa na Waingereza. Aliiunda kwa ajili ya mama yake kipofu: ukivuta kamba ya ubavuni, inagonga kengele kwa idadi ya saa iliyopo.

Mama mkwe naye alipofuka, akawa anaivuta kutwa nzima kitandani. Lorna, aliyemuuguza, alichoshwa na kelele, akaikata ile kamba na kuitupa motoni.

"Ni saa ngapi, mwanangu?" bibi akawa anauliza.

"Hata ukijua, mama, unakwenda wapi?"

Alikufa akipapasa hewa.

Siku hiyo ya kuichukua saa, mapazia yalikuwa yamefungwa, chumba kizima giza. Mume alipaza sauti kutoka kwenye gari, "Lorna, fanya haraka! Dada yuko njiani!"

Akaikumbatia saa kuinyanyua. Ikagonga, ingawa haikutiwa ufunguo tangu msiba. Ikanyamaza, ikagonga tena. Akaivuta, ikagoma, kama imenaswa mahali. Akapapasa ubavuni, mkono ukakuta kamba, ndefu, imekazwa. Akaifuata kwa vidole gizani mpaka kitandani.

Ncha yake ilikuwa na joto la kiganja.