Picha ya Khamisa Mezani kwa Bi Chela

Machi ya 2020, watu wa Campbelltown, Sydney, walipigania mchele utadhani wamepagawa. Khamisa, binti wa Tanga, mtandio wa zambarau umemteleza kichwani, alidaka mfuko wa mwisho dukani, akakuta mkono mwingine umeung'ang'ania.

"Lo! We kaka, huna haya?"

"Haya ninayo, dada. Mchele ndio sina," akajibu kijana mrefu, Mudrik wa Mombasa, fundi wa mitambo ya meli.

Wakagawana mfuko. Ramadhani haijesha, walishagawana namba za simu na majina ya watoto ambao hawajazaliwa. Mapenzi hayo!

Mwaka uliofuata Mudrik akapata kazi ya muda melini. Meli ikaharibika Mexico, mabaharia wakashushwa, na kila tiketi ya kurudi Sydney ikafutwa kwa sababu ya korona. Akapanga chumba katika mji mdogo, kwa mjane mmoja, Bi Chela.

Khamisa hakutulia. Alipanda treni kwenda shifti ya kuhudumia wazee Quakers Hill, simu mkononi, roho juu. Nyumbani, shangazi yake Fawzia alikuwa na posa ya Aqil, mwenye duka Rooty Hill.

"Wazee wake wanakuja Jumanne ya kwanza ya Novemba," shangazi akasema. "Huyo wako atakuoa kwa simu?"

Alhamisi, mwisho wa Oktoba, Khamisa yumo trenini, Mudrik akapiga.

"Mahabuba, njoo uone!" Akageuza kamera. Mji mzima maua ya manjano, mikate, mafuvu ya sukari. "Wanajiandaa kuwapokea wapendwa wao. Kila nyumba ina meza ya picha. Na wewe nimekuweka!"

Khamisa akajiona, gauni la kijani la Idi, hina mikononi, katikati ya mishumaa.

"Hao wengine nani?"

"Mume wa Bi Chela, mamake, nduguye..."

"Wako wapi?"

Akili ikamrudia Mudrik, imechelewa. "Wamekufa. Kumbe ni sikukuu ya wafu."

"Mudrik! Umenizika nami ni mzima?"

"Wallahi nilidhani ni meza ya watu tunaowakosa! Mpenzi, sikiza..."

"Usiniite mpenzi. Mie maiti."

Akakata simu, akalia ndani ya treni mbele za watu. Ijumaa hasira zikampoa, akapiga yeye. Simu imezimwa. Jumamosi imezimwa. Jumapili vilevile. Basi, akajisemea, ndiyo imekwisha.

Jumanne wazee wa Aqil wameketi, halua mezani, Khamisa katulia, kajitanda leso mpya. Kengele ikalia. Mlangoni, shati limekunjamana, barakoa kidevuni, begi begani, Mudrik.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Watoka wapi wewe?"

"Uwanja wa ndege. Tangu Ijumaa niko njiani, simu imekwisha chaji. Mipaka imefunguliwa jana." Akamgeukia Khamisa. "Bi Chela aliniuliza umekufa lini. Nikamwambia u hai, uko Sydney, waningoja. Akaitoa picha yako mezani, akanitupia begi langu nje. Akasema wafu ndio tunaokaa tukiwangoja waje. Aliye hai, inuka umfuate. Nami nilishachoka kufutiwa tiketi, nikawa nimekaa tu. Nisamehe. Nataka kukuoa, mbele ya wazee hawa, ukinikubali."

Shangazi akashika kiuno. "Khamisa, wageni wanataka jibu."

Khamisa akasimama, machozi na kicheko pamoja. "Niwieni radhi, wazee wangu. Ni huyu."